Miaka minne ya "UTI sugu": maumivu ya nyonga yana tiba gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, watoto wawili, nauza mitumba Kiboriloni hapa Moshi. Huu ni mwaka wa nne naumwa chini ya kitovu, zaidi upande wa kulia, karibu kila siku. Hedhi ikikaribia ndiyo balaa, na tendo la ndoa limekuwa adhabu. Haja ndogo naenda kila saa. Nimetibiwa UTI hadi nimepoteza hesabu, PID (maambukizi ya kizazi na mirija) mara tano, mwaka jana nikachomwa sindano siku saba mfululizo. Altrasaundi tatu zote zimesema sina kitu. Mtoto wa pili nilijifungua kwa operesheni. Daktari mmoja amenishauri nitoe kizazi, shangazi yangu wa Kibosho anasema ni chango na dawa anayo, mume wangu anaona nadeka. Tiba ipo kweli? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tiba ipo, tena zaidi ya moja. Lakini kabla sijaitaja hata moja nikuulize jambo ambalo kwa miaka minne huenda hakuna aliyekuuliza: ukiambiwa uonyeshe panapouma kwa kidole kimoja tu, unagusa wapi?

Wanawake wengi wanaoingia chumbani kwangu hupapasa tumbo lote la chini kwa kiganja, kama mtu anayefuta meza. Nikishikilia kwamba nataka kidole kimoja, wanatulia kidogo, wanafikiri. Kuna ambaye kidole chake kitakwenda moja kwa moja pembeni mwa mshono wa operesheni. Mwingine atagusa katikati, juu tu ya kinena, kwenye kibofu. Mwingine atashindwa kabisa, atasema "ni ndani huko, na kiuno, na mapaja". Wote watatu kwenye kadi wameandikiwa maumivu ya nyonga, wote wamemezeshwa dawa zilezile, na tiba zao hazifanani hata kidogo. Tena wapo ambao kidole kinatua sehemu mbili tatu, na kwa unavyojieleza nadhani wewe ni mmoja wao. Maumivu ya nyonga yakishapita miezi sita tunayaita sugu, na yakifika hapo ni nadra kuwa na chanzo kimoja.

Mumeo naye ana haki ya kuelezwa. Altrasaundi inaona maumbo: fibroidi, maji kwenye ovari, mimba, mrija uliojaa. Haioni neva, yaani mishipa ya fahamu. Haioni msuli uliokaza. Vidoa vidogo vya endometriosisi, ugonjwa nitakaoueleza mbele kidogo, vilivyotapakaa juu ya utando wa tumbo kwa kawaida inavipita bila kuviona. Kwa hiyo "huna kitu" maana yake ni "hatukuona uvimbe", basi. Hudeki.

Sasa hiyo UTI. Hapa kwetu mwanamke akitamka tu "chini ya kitovu", anapewa kikopo cha mkojo kabla hajamaliza sentensi. Majibu yanarudi na usaha kidogo au "bakteria +", anaandikiwa antibayotiki, sipro, wiki mbili baadaye yuko tena dirishani. Mkojo uliokingwa bila kujisafisha, na bila kuacha ule wa kwanza upite, unabeba vijidudu vya ngozi na vya ukeni ambavyo havina kosa lolote. UTI inayojirudia inathibitishwa kwa kuotesha mkojo: maabara wanaacha sampuli siku mbili tatu, kisha wanakuambia kidudu gani kimeota na dawa gani inakiua. Ukioteshwa mara mbili wakati maumivu yamepamba moto na hakuna kilichoota, funga mlango wa antibayotiki. Kinachokusumbua hapo ni kibofu chenyewe kilichokuwa chepesi kuchokozeka, au misuli inayokizunguka, na azuma, antibayotiki nyingine, haitibu msuli.

PID ni ugonjwa wa kweli na sipendi mtu aupuuze. Kisonono, klamidia na vijidudu vingine vinapanda juu, mirija inavimba, mgonjwa anakuwa na uchafu usio wa kawaida, pengine homa, na kizazi kikitikiswa wakati wa kupimwa anaruka. Tiba yake kwa kawaida ni siku 14, na mwenzi naye anatibiwa. Katika hizo mara tano, mumeo alitibiwa hata mara moja? Kama hapana, huenda ulikuwa unaambukizwa upya. Kama ndiyo, na maumivu hayakutikisika, basi ama hapakuwa na maambukizi, ama yalikwisha zamani yakaacha makovu. Dozi ya sita haina kazi kwenye kovu.

Kuna jambo moja hapa ambalo wagonjwa huona gumu kuamini. Jirani yangu hapa Rau aliibiwa kuku mwaka juzi. Mbwa wake kabla ya hapo alikuwa wa kulala tu kwenye majani ya migomba. Tangu usiku ule anambwekea kila apitaye, hata mtoto aliyetumwa chumvi dukani. Mwizi hakurudi, kuku wapya wako salama, aliyebadilika ni mbwa. Neva za nyonga, uti wa mgongo na ubongo vikipokea maumivu miezi na miezi hufanya vivyo hivyo: kibofu kikijaa kidogo ni kelele, utumbo ukijaa gesi ni kelele, ukiguswa ni kelele. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, yanaumiza kama yoyote. Ndiyo maana tiba nzuri inamtafuta mwizi kama bado yupo, na wakati huohuo inamtuliza mbwa.

Turudi kwenye kidole. Usiku wa leo lala chali kitandani, miguu imenyooka. Tafuta pale panapouma kuliko pote, bonyeza kwa ncha ya kidole mpaka uyahisi, usikitoe. Sasa inua kichwa na mabega kutoka kwenye mto, kama unayetaka kutazama vidole vyako vya miguu, misuli ya tumbo ikaze. Maumivu yakizidi, au yakibaki vilevile chini ya kidole, chanzo kinaelekea kuwa kwenye ukuta wa tumbo, yaani msuli au neva, kwa sababu viungo vya ndani wakati huo vimekingwa na msuli uliokaza. Yakipungua, chanzo kiko ndani zaidi. Daktari wa upasuaji wa Marekani aitwaye Carnett alikieleza kipimo hiki mwaka 1926, na mpaka leo hakihitaji umeme wala kadi ya bima.

Nakusisitizia kwa sababu umepasuliwa. Mkato wa mlalo wa chini, ule tunaozalishia, unapita jirani na neva mbili zinazotoka kiunoni kushuka kinena. Neva hizo zinaweza kunaswa na kovu. Anayeumwa hivyo husema inachoma kama pilipili au inapiga kama shoti ya umeme, pembeni mwa mshono, pengine inashuka paja la ndani, na inazidi akinyanyua kitu kizito. Na wewe kazi yako ni kunyanyua. Belo la kilo 45 halijifungui lenyewe. Ikiwa maumivu yalianza miezi michache baada ya operesheni, hilo ndilo neno la kwanza la kumwambia daktari, kabla ya UTI, kabla ya hedhi.

Tiba yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: sindano ya ganzi, lignokaini, pengine na steroidi kidogo, inayochomwa pale pale panapouma. Maumivu yakitoweka ndani ya dakika chache tumempata mhusika. Kwa wengine unafuu ni wa saa chache, kwa wengine wiki kadhaa au miezi, na sindano inaweza kurudiwa. Ni wachache wanaofika hatua ya kuikata neva kwa upasuaji.

Hapa nikukiri kosa langu. Zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, nikiwa bado mwepesi wa kisu, nilimtoa kizazi mama mmoja wa miaka 41. Altrasaundi yake ilikuwa safi kama yako, hedhi zake hazikuwa na shida kubwa, lakini alikuwa amechoka kuumwa na mimi nilikuwa nimechoka kumwona akirudi. Kizazi kilipelekwa kupimwa, majibu yakaja: hakina ugonjwa. Miezi minne baadaye alikaa kwenye kiti kilekile akaniambia kwa upole, "Daktari, kizazi umetoa, maumivu umeyaacha." Aliyemsaidia ni mtaalamu wa fiziotherapia, tuliyekuwa tukila naye chakula cha mchana kila siku bila mimi kumuuliza kitu. Alimpima kwa kidole ndani ya uke, akagusa msuli mmoja upande wa kushoto, mama akaruka: "Hapo hapo!" Alifanyiwa mazoezi miezi mitatu. Hakupona asilimia mia, ila alirudi kubeba ndizi zake sokoni.

Kwa hiyo kuhusu ushauri uliopewa wa kutoa kizazi: kuna wanawake ambao kwao ni uamuzi sahihi. Mwenye adenomayosisi, yaani utando wa ndani ya kizazi umepenya kwenye nyama yake, hedhi zinamwagika, amemaliza kuzaa, na homoni zimejaribiwa zikashindwa, huyo mara nyingi ananishukuru. Mwenye fibroidi kubwa pia. Lakini kizazi hakitoki na neva ya kwenye kovu, hakitoki na msuli uliokaza, na kama una endometriosisi nje ya kizazi inabaki palepale isipoondolewa nayo. Ukifika huko siku moja, uliza pia kama wanakusudia kutoa ovari. Kwa miaka 34, kutoa ovari zote mbili ni kuingia ukomo wa hedhi kwa siku moja, na mifupa na moyo vinalipa gharama. Kwa sasa, kwa uliyonieleza, mimi nisingekubali kutiwa kisu.

Umesema hedhi ikikaribia ni balaa. Nifafanulie kwenye daftari lako: ulikuwa unaumwa hivyo tangu usichana, ukikosa shule? Wakati wa hedhi haja kubwa inauma? Tendo la ndoa linauma mlangoni au ndani kabisa? Majibu ya ndiyo, ndiyo, na "ndani kabisa" yananielekeza kwenye endometriosisi: chembe zinazofanana na utando wa ndani ya kizazi, zimeota nje yake, na kila mwezi zinachokozwa na homoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata wanawake wapatao 10% walio katika umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani. Kizazi chetu cha madaktari kilifundishwa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Hatukuwa tunauona kwa sababu hatukuwa tunautafuta. Adenomayosisi ni ndugu yake, na hupenda waliokwisha kuzaa.

Zamani tulisema lazima upasuliwe ndipo tujue. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 umeachana na hilo: dalili zikielekea huko, na hutaki mimba kwa sasa, inaruhusiwa kuanza tiba ya homoni na kuona. Nia ni kuituliza hedhi au kuizima kabisa kwa muda. Ya kwanza unaipata bure kliniki ya uzazi wa mpango ya serikali, ingawa wahudumu wengi wanaijua kama ya kupanga uzazi tu. Chukua pakiti ya vidonge 28 uitazame: 21 ni vya dawa, 7 vya mwisho, vya kahawia, ni madini ya chuma tu. Kwa maagizo ya daktari unaviruka vya kahawia na kufungua pakiti nyingine siku inayofuata. Hedhi haiji, na maumivu yake yanakosa siku ya kuja. Havikufai ukiwa na shinikizo la juu la damu, ukiwa umewahi kuganda damu mguuni, ukiwa na kipandauso kinachoanza na mwanga machoni, au ukiwa unavuta sigara na umevuka miaka 35.

Nayajua maneno ya sokoni, kwamba vidonge vinarundikana tumboni. Havirundikani. Vinayeyuka na kutoka kama dawa nyingine.

Kama hivyo havikufai zipo dawa zenye homoni moja tu, projestini. Sindano ya Depo kila miezi mitatu inawasaidia wengi, japo hedhi huvurugika mwanzoni, mifupa hupungua uzito kidogo ikitumika miaka mingi, na ukiiacha uzazi unaweza kuchelewa kurudi hata karibu mwaka, kwa hiyo kama unawaza mtoto wa tatu mwakani, si yako. Kijiti cha mkononi kinasaidia baadhi. Noretisteroni na dienojesti ni vidonge vya kila siku. Dienojesti, miligramu 2, imetengenezwa mahususi kwa endometriosisi lakini ni ya kununua na si nafuu. Kitanzi cha homoni ninakipenda sana kwa adenomayosisi, kinakaa miaka isiyopungua mitano, shida ni kwamba hukikuti kila mahali. Tafadhali usikichanganye na kitanzi cha shaba, ambacho ni kizuri kwa kupanga uzazi lakini kinaweza kuongeza hedhi na maumivu. Sindano kali zinazolaza ovari zipo, zinakuingiza kwenye ukomo wa hedhi wa muda, joto na jasho usiku, na mifupa isipolindwa hazipaswi kuzidi miezi sita. Hizo ziache kwa bingwa.

Chochote utakachoanza, kipe miezi mitatu kamili. Mwezi mmoja hausemi kitu.

Miezi mitatu ikipita bure, au ukitaka mimba, au altrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ovari, hapo ndipo kamera ya kupitia kitovuni, laparoskopi, inapopata nafasi yake. Kwa kanda yetu rufaa hiyo inaelekea KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi. Kabla hujasaini, uliza swali moja: mkiikuta endometriosisi, mtaiondoa siku hiyohiyo au mtaitazama tu mnifunge? Na ukiambiwa lengo ni kukata makovu yaliyoshikanisha utumbo, uliza mara mbili. Waholanzi walilijaribu hilo kwa wagonjwa 100 wakachapisha mwaka 2003: nusu walikatwa makovu, nusu walichunguliwa tu kwa kamera. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na nafuu ilikuwa sawa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2009 uliohusu kuzikata neva za nyuma ya kizazi nao haukuonyesha faida.

Sasa misuli, sehemu ambayo inasahaulika kuliko zote na ambayo kwa tendo la ndoa lako na haja ndogo yako naiona ina mkono. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, imeshika kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mtu akiumwa muda mrefu anaikaza bila kujua, kama unavyokunja mabega ukipigwa na baridi ya asubuhi ya Kibosho. Msuli uliokazwa miaka minne unauma wenyewe, unakibana kibofu, na mlango wa uke unajifunga kabla hata mume hajasogea. Hapo mtu atakuambia "fanya mazoezi ya kubana uke". Usifanye. Mazoezi hayo ni ya misuli iliyolegea. Yako inahitaji kufundishwa kuachia.

Anza na hili: lala chali, ndama za miguu juu ya kiti, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi taratibu kwa kuhesabu hadi nne, tumbo lipande, na huku chini uhisi kama panashuka, kama unayetaka kuachia upepo. Toa pumzi bila kubana chochote. Pumzi kumi asubuhi, kumi usiku. Hilo ni la kusogeza siku tu. Tiba yenyewe iko kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye atavipapasa vifundo vya msuli, kwa ridhaa yako, kwa nje na kwa ndani, na kukufundisha kunyanyua belo bila kuzuia pumzi. Moshi tuna bahati, chuo cha fiziotherapia kipo hapo hapo KCMC. Ila si kila mtaalamu wa viungo amezoea nyonga ya mwanamke. Uliza waziwazi, na ukitaka mwanamke mwenzako sema, hakuna aibu. Kwa tendo la ndoa, kwa wiki kadhaa achaneni na kuingiliana kabisa, msiache kukumbatiana. Mkirudi, tumieni kilainishi cha maji, na wewe ndiye uwe unaongoza kasi. Kuvumilia kwa meno kunaufundisha msuli kuogopa zaidi.

Kuhusu kibofu, siku tatu andika saa unayokwenda na kiasi, kwa kikombe cha plastiki chenye alama. Nikiona vijikombe vidogo vidogo mara ishirini nitajua. Punguza kahawa, najua naongea na mtu wa Kilimanjaro, punguza na chai kali na soda, kwa wiki mbili uone. Kisha jaribu kuchelewesha kwa dakika kumi kila haja inapokuja, uongeze polepole. Tumbo likijaa gesi na maumivu yakapungua ukishapata choo, utumbo nao umo, na choo kigumu pekee kinaweza kuongeza nusu ya mateso.

Wa kumtuliza yule mbwa ninamtumia mara nyingi amitriptilini, miligramu 10 saa mbili kabla ya kulala, tukipanda taratibu hadi 25 au zaidi kidogo. Ni dawa ya zamani, ya bei ndogo. Kwenye kikaratasi imeandikwa ya sonona, na muuzaji anaweza kukutazama vibaya. Mwache atazame. Kwa dozi hii inatuliza neva na kukupa usingizi. Inakausha mdomo, inaweza kufunga choo, na asubuhi za kwanza utaamka mzito, kwa hiyo usianze usiku wa kuamkia siku ya mnada. Ihesabie wiki nne hadi sita. Mwambie daktari kama una tatizo la moyo au presha ya macho, na usiichanganye na tramadoli kwa kujiamulia. Gabapentini iliwahi kuandikwa sana kwa maumivu haya, mpaka utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 ukawagawa wanawake 306 ambao laparoskopi haikuwa imeona chanzo: haikushinda kidonge kisicho na dawa, ikazidisha kizunguzungu. Ukiandikiwa, uliza kwa nini.

Dawa za kawaida zina nafasi yake. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu baada ya kula, ukianza siku moja kabla ya hedhi badala ya kusubiri ikulaze, ikomee siku tatu nne. Kuimeza kila siku mwaka mzima, au ile diklofenaki iliyochanganywa na panado, ni kutafuta vidonda vya tumbo na figo. Tramadoli ya kila siku siipendi kabisa. Ukiizoea, maumivu yanakuwa mawili.

Mambo machache yasipitwe. Kama ulikulia kanda ya ziwa au pwani ukiogelea mtoni na madimbwini, mtaje daktari kichocho, maana kinaweza kukaa kwenye kizazi, na dawa yake ni prazikwanteli. Pima mlango wa kizazi kama hujapima. Na hedhi ikichelewa huku maumivu makali yakija upande mmoja, au ukazimia, usisubiri kliniki, nenda hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa mimba nje ya kizazi. Damu baada ya tendo la ndoa, homa au kukonda bila sababu navyo havisubiri.

Ningekuwa wewe ningeanza na daftari la kawaida la shule. Kila jioni mstari mmoja: maumivu kati ya 0 na 10, wapi kidole kiligusa, hedhi au la, umenyanyua nini, umekunywa nini. Mwezi mmoja tu. Huku unaandika, otesha mkojo. Kisha chukua barua ya rufaa kutoka kituo chako cha afya uende hospitali ya mkoa ya Mawenzi, kliniki ya wanawake (wasomaji wa Arusha, kwenu ni Mount Meru), na daftari mkononi, na mumeo pembeni. Nimeona waume waliokuwa wakinung'unika kimya kimya wakibadilika pale pale mke anapoguswa mshono na kupiga kelele. Omba vitu vitatu kwa majina: kovu lako lipimwe kwa kidole, misuli ya nyonga ipimwe, na majaribio ya homoni yajadiliwe. Sindano ya ganzi, vidonge na mazoezi vinaweza kwenda pamoja. Hakuna sababu ya kusubiri kimoja kishindwe.

Usijipimie kwa sifuri. Mgonjwa wangu akitoka saba kwenda tatu, akalala usiku na kufungua meza yake siku sita za wiki, nahesabu tiba imefanya kazi, hata kama siku ya pili ya hedhi bado anakunja uso.

Na shangazi. Wazee waliosema chango waliona jambo la kweli: hedhi inayouma, kiuno, na kushindwa kushika mimba kwenda pamoja ndani ya mwanamke mmoja. Waliliona muda mrefu kabla ya kamera zetu. Akikupikia tangawizi kunywa, kwa maumivu ya hedhi ina msaada kidogo na itakupasha joto. Mizizi mingine muulize kwanza ni ya nini, na mwambie daktari unachokunywa, hasa ukianza vidonge. Ila ikiwa dawa yake ni ya kujiweka ukeni, au ya kujifukiza huko chini, mshukuru, ipokee kwa mikono miwili, na usiitumie.